Utando Juu ya Gari la Hadji Moussa

Anwari hakuwa mtu mbaya. Aliswali, hakulewa, hakuinua mkono juu ya mkewe, na jirani akiishiwa chumvi alimpa bila maneno. Tatizo lake lilikuwa jicho. Ukikutana naye kwenye barabara ya ziwani, hapo Rumonge, atakuitikia salamu vizuri na kukuuliza habari za nyumbani, lakini ukimchunguza utagundua kwamba hakuangalii wewe. Anaangalia mlango wa gari lililoegeshwa nyuma yako, kichwa amekilaza upande kama kuku anayetafuta punje.

"Umeona?" atakuuliza.

"Nione nini?"

"Mizunguko. Gari hii imeuawa."

Mizunguko aliyosema ni ile mikwaruzo myembamba kama nywele, inayolizunguka jua pale linapopiga juu ya rangi, mpaka bodi zima linaonekana limefumwa na buibui. Kwenye gari jeupe unaweza kuishi na kufa bila kuiona. Kwenye gari jeusi haifichiki. Na Rumonge ina namna yake ya kuitengeneza: magari huoshwa ufukoni kwa tonge la wavu mkuukuu wa kuvulia ndagala, wale dagaa wa ziwani, ule ule ambao watu hujisugulia mgongo wakioga. Wavu ukiokota mchanga, mwoshaji hasimami. Anasugua kwa bidii zaidi, kwa sababu anasikia sauti na anadhani ni uchafu unaotoka.

Anwari alijifunza kazi ya kuondoa mizunguko Bujumbura, kwa fundi mmoja Mkongomani aliyeitwa Mushagalusa. Alirudi nyumbani na mashine ya kung'arishia, sponji za duara, chupa za dawa za kupigia rangi, na heshima kubwa sana kwa nafsi yake. Alijiita docteur wa rangi. Mtaani walimwita Bwana Mizunguko, na yeye alidhani ni sifa.

Wagonjwa wa docteur walikuwa wachache. Magari meusi Rumonge si mengi, na wenyewe waliona kinachong'aa kinang'aa, basi. Tena siku hizo esanse, yaani petroli, ilikuwa adimu, na magari mengi yalikaa uani yakilaliwa na kuku. Mtu ambaye gari lake halitembei hamtafuti wa kulipendezesha. Anwari aliliona hilo kama kosa la mji. Jioni alikaa na mashine yake mapajani, akichomoa nyuzi kwenye sponji kwa mswaki, na mkewe Kadidja akimsemesha, alijibu "ee" kabla swali halijaisha.

Kadidja alivumilia "ee" kwa miaka. Binti yao Fahima alikwishaolewa Magara, nyumba ilikuwa ya watu wawili na mashine, na kati ya hao watatu Kadidja ndiye aliyekuwa akipika. Alivumilia. Kisha ukaja mtandio.

Ulikuwa mtandio wa rangi ya maziwa, laini kama hewa, ambao baba yake, Hadji Moussa, alimletea kutoka Maka. Kadidja alikuwa ameuvaa mara chache tu, kwenye arusi za watu aliotaka wamwonee wivu. Siku hiyo aliukuta juu ya kamba ya nguo, umekatwa vipande vya mraba, kingo zimepindwa vizuri na kushonwa, maana Anwari hakuwa mtu wa kazi mbovu.

"Baba Fahima, hii ni nini?"

"Vitambaa vya kufutia," alisema Anwari, naye alifurahi kuulizwa. "Rangi nyeusi haitaki kitambaa chochote. Nimejaribu nguo zote za humu ndani. Unaipitisha hivi, shavuni. Ikikuna shavu, itakuna gari. Hii peke yake haikukuna."

"Ulijaribu nguo zangu zote shavuni."

"Zote. Vitenge vyako vinakuna sana."

Kadidja aliingia ndani. Alifunga sanduku, akaliweka kichwani, akapita nalo katikati ya soko saa ambayo soko limejaa, akaenda kwao upande wa pili wa mji. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba anakwenda kumsalimia mama yake, Esha. Hakuna aliyeamini, na yeye hakutaka waamini.

Kwa watu wa mtaa ule, mwanamke aliyekwenda kwao kwa hasira harudi kwa miguu yake kama mbuzi aliyepotea. Mume huenda kumwomba, baba husikiliza, na wakikubaliana, watu wa kwao ndio wanaomrudisha, mchana, watu waone. Anwari alingoja hasira ipoe. Kisha nyumba ikaanza kunuka dawa ya kupigia rangi tu, bila harufu ya chakula, naye akavaa kanzu yake safi, akaenda.

Hadji Moussa alimpokea uani. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mzee mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na uani pake palikaa gari jeusi ambalo Rumonge nzima ililijua. Tangu esanse ianze kukosekana, gari halikwenda popote. Hilo halikumzuia Hadji kulitumia. Kila Ijumaa baada ya swala walilisukuma mpaka nje ya lango, naye akakaa ndani, kioo chini, mkono dirishani, akipokea salamu za wapitanjia. Alipochoka, walilirudisha uani. Watu walimpongeza kwa usafiri.

"Mukwe," alianza Hadji, "ndoa iko kitu cha kutunza. Mwanamke si kiti."

"Ndiyo, Baba."

"Unamwangalia. Unamsikiliza. Unaona kama kuna kitu kinamkwaruza."

"Ndiyo, Baba," alisema Anwari, na kichwa chake kikaanza kulala upande, polepole, kuelekea kwenye boneti.

Nyuma ya pazia la jiko, Kadidja alikuwa akichagua ndagala kwenye ungo. Aliona kichwa cha mumewe kikilala, akajua kimekwenda wapi. "Mama," alimwambia Esha, "anaangalia gari."

"Anamsikiliza baba yako."

"Anaangalia gari. Mimi nakijua hicho kichwa."

Na kweli, Hadji alipomaliza hotuba na kumwuliza ana lipi la kusema, Anwari alisema, "Baba, hii gari munaipaka nini?"

Lakini Hadji hakuwa mtu wa kukasirika akiulizwa habari za gari lake. Alieleza kwa fahari kwamba kila Alhamisi hupakwa mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kutoka kokwa ya mchikichi, kwa pamba, taratibu, na ndiyo maana linang'aa kuliko gari la mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Gitaza.

"Nilijua," alisema Anwari. "Haing'ai, Baba. Imepakwa mafuta. Hata kikaango kinang'aa hivyo. Munipatie niipige mashine, na Ijumaa, baada ya swala, Mama Fahima arudi ndani yake. Rumonge yote itaona namna binti wa Hadji anarudi kwake."

Huwezi kujua ni kipi kilichomvuta mzee, kama ni binti yake kurudi au Rumonge yote kuona. Aliita. Kadidja akatoka, mikono inanuka samaki, akasimama mlangoni.

"Nimesikia," alisema. "Nilipita sokoni na sanduku kichwani. Nitarudi sokoni nimekaa kwenye gari ya baba. Sipandi pikipiki, sipandi baiskeli. Siku ya Ijumaa. Ikipita Ijumaa hii, Baba Fahima, usije tena kuomba."

"Esanse iko?" aliuliza Anwari.

"Iko ya akiba, chini ya tanki," alisema Hadji. "Inatosha kufika kwako na kurudi. Nimeitunza kwa mambo ya lazima."

Anwari alianza kazi Jumatano asubuhi, gari likiwa kivulini, maana rangi yenye joto haipigwi mashine. Kwanza alilazimika kuondoa mafuta. Alilipaka povu, akaliosha, akaliosha tena, maji yakitiririka uani na utelezi ambao bata wa Esha waliukimbia. Kisha akalikausha, akaomba lisogezwe juani kidogo aone ukubwa wa ugonjwa.

Jua lilipopiga boneti, Hadji Moussa alishika kichwa. Gari lote lilikuwa limefumwa. Duara juu ya duara, kijivujivu, kana kwamba buibui wote wa mashamba ya michikichi walikutana hapo kufanya mkutano.

"Umeniharibia gari," alisema.

"Si mimi, Baba. Ilikuwa hivi."

"Jana haikuwa hivi. Kila mutu aliiona. Jana ilikuwa kioo."

"Jana ilikuwa mafuta. Mafuta yanaingia kwenye mikwaruzo, yanaifunika. Niliyaosha tu."

"Kwa hiyo umeosha ukaleta mikwaruzo."

Jamali, mtoto wa kiume wa Hadji, mwanamume wa makamo ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukubaliana na baba yake, alilizunguka gari na kutoa hukumu. "Sabuni ya Anwari iko kali. Imekula rangi. Mimi nilisema."

"Ulisema lini?"

"Nilisema moyoni."

Esha aliitwa aone. Akaona. Majirani wakaitwa, ingawa wengi walikwishafika. Kila mmoja aliipitishia boneti kidole, jambo lililomwumiza Anwari kuliko maneno yote. Kutoka jikoni Kadidja alisikika akicheka, kicheko kifupi, cha mtu anayekuta jirani ameng'atwa na mbwa wake mwenyewe aliyekuwa akimsifia.

Anwari hakubishana tena. Alibandika skochi, ile karatasi ya gundi, kwenye mipira ya vioo na kingo za boneti, akavuta waya kutoka sebuleni, akaweka matone ya dawa kwenye sponji, akaipakaza kwanza kwa mwendo wa chini isije ikaruka. Kisha akaongeza mwendo. Mashine ikalia. Aliipeleka kushoto na kulia, halafu juu na chini, kila mstari ukiukalia nusu mwenzake, sponji imelala bapa, mkono haukandamizi. Alifanya eneo dogo kama mkeka wa kuswalia, akafuta kwa kipande cha mtandio, akasogea pembeni.

Ndani ya utando palikuwa pamefunguka dirisha la weusi mtupu. Mawingu yalionekana humo, na ukingo wa paa, na jani moja la mchikichi. Hadji aliinama aone vizuri, akakutana na uso wake mwenyewe. Aliutazama kwa muda. Akageuza shavu la kushoto. Akageuza la kulia.

"Umeifanyaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikuifunika, Baba. Nimeshusha verni, ile ngozi ya juu ya rangi, kidogo sana, mpaka chini ya mukwaruzo. Mukwaruzo haupo tena."

"Kwa hiyo umekwangua gari yangu."

"Kidogo sana."

"Ukimaliza itakuwa nyembamba?"

"Hapana, Baba."

Hadji aliutazama tena uso wake. "Endelea," alisema. "Yote. Na hapa kwangu," akaonyesha mlango wa dereva, pale mkono wake ulipokaa kila Ijumaa, "upapige sana."

Ilikuwa ahadi nzuri, lakini adhuhuri umeme ulikatika, na boneti ilikuwa nusu. Gari lilionekana kama mtu aliyenyolewa upande mmoja. Walingoja mpaka alasiri, umeme haukurudi. Alhamisi asubuhi, haukurudi. Jamali alikuwa na jenereta ndogo ya kuonyeshea watu mechi za televisheni, lakini tanki lake lilikuwa kavu kama mfupa. Wanaume watatu waliitazama jenereta, kisha, bila kupanga, wote wakageuka kutazama kifuniko cha tanki la gari.

Kadidja alikwishatoka jikoni kabla hawajasema. "Hiyo esanse ndiyo ya kunipeleka."

"Kidogo tu, Mama Fahima. Kumaliza boneti," alisema Anwari.

"Boneti ikiwa nusu, mimi siwezi kukaa ndani?"

"Utakaa, lakini watu wataona nusu."

"Watu wataniona mimi. Mimi ndiye ninarudi, au ni boneti?"

Anwari alifungua kinywa, na ni lazima isemwe kwamba alifikiri. Alimtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza tangu afike pale. Alikuwa na unga kwenye nyusi na macho mekundu kwa moshi. Pengine angesema jambo la maana, lakini Hadji alitangulia.

"Chukua kidogo," alisema Hadji. "Itatosha."

Wakavuta kidogo kwa mpira wa maji, wakaitia kwenye jenereta. Boneti ikaisha, na ilipoisha, mbawa za mbele, pale juu ya magurudumu, zilionekana chafu kuliko jana. Wakavuta kidogo kwa ajili ya mbawa. Mbawa zikaiaibisha milango. Hapo hakuna aliyeuliza mwenzake. Jamali alishika mpira, Anwari alishika sponji, na Hadji alikaa kwenye kiti chake akisema "kidogo tu" kabla hajaombwa. Kila walipovuta, Kadidja alisimama mlangoni, mikono kifuani. Walipofika kwenye kifuniko cha buti, aliingia ndani na kuanza kupanga nguo zake sandukuni, kwa sababu alikuwa amesema atarudi Ijumaa, na yeye si mtu wa kubadilisha neno.

Jua la Alhamisi lilipokuwa linazama upande wa Kongo, gari lilikuwa jeusi kama kisima. Anwari alipitisha tochi juu yake kwa pembe zote akitafuta duara hata moja, hakulipata. Alirudi kwake na mashine, na kwa kuwa sebuleni palikuwa na vumbi, aliilaza kitandani upande wa Kadidja, akaifunika shuka.

Ijumaa, watu walitoka msikitini na kukuta gari nje ya lango. Hata waliomcheka Bwana Mizunguko walinyamaza. Wanaume wenye heshima zao waliinama wakarekebisha kofia kwenye milango. Hadji alikaa mbele. Jamali alishika usukani. Kadidja alitoka amevaa vizuri, uso umepakwa, akapanda nyuma na sanduku lake, akakaa wima akitazama mbele. Esha alipiga vigelegele. Anwari alifunga mlango wa mkewe kwa kutumia kitambaa.

Jamali alizungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akazungusha tena, likakohoa kama mgonjwa anayewaaga ndugu, likanyamaza.

"Labda ni betri," alisema Jamali.

"Si betri," alisema Kadidja.

Hakuna aliyetoka garini. Kushuka pale, mbele ya watu waliojipanga, kulikuwa jambo lisilowezekana kwa Hadji Moussa. Alishusha kioo, akatoa mkono nje kama ilivyo kawaida yake, akasema kwa utulivu, "Isukumwe."

Vijana na wazee walijitokeza, maana kazi ya kuchekesha haikosi watu. Walijipanga nyuma ya buti, wakakunja mikono ya kanzu. Na hapo Anwari akapita mbele yao, mikono imetandazwa kama anazuia ng'ombe.

"Taratibu. Tafadhali. Musishike rangi kwa mikono. Nani ana pete? Mwenye pete akae pembeni. Ngojeni." Akatoa mfukoni vipande vya mtandio, akaanza kuwagawia. "Kila mutu aweke hii chini ya kiganja. Na musiburute, musukume tu."

Baadhi walipokea wakicheka. Gari likaanza kwenda, kimyakimya, likipita kwenye mtaa na kukaribia soko, Hadji akipunga mkono, vitambaa vya rangi ya maziwa vikipepea nyuma yake. Wanawake wa ndagala walisimama kwenye meza zao. "Kadidja," mmoja aliita, "mtandio wako unasukuma gari."

Kadidja aligeuka akatazama kupitia kioo cha nyuma. Aliwaona wanaume wamepanga viganja juu ya mtandio wake. Katikati yao alimwona mumewe. Yeye hakuwa akisukuma. Alikuwa akikimbia kando ya gari, ameinama, kichwa kimelala upande, akitazama chini ya kila kiganja.

"Simamisha," alisema.

"Haijawaka, nitasimamishaje?" alisema Jamali.

"Kanyaga breki."

Gari lilisimama, wasukumaji wakalivaa kwa vifua. Kadidja alifungua mlango, akateremka, akatoa sanduku lake, akaliweka kichwani. Aliwaamkia wanawake wa ndagala mmoja mmoja, kwa majina, akauliza bei, akaendelea mbele peke yake kwa miguu. Hakurudi kwao. Alikwenda upande wa kwake.

"Mufuate, mukwe," alisema Hadji kutoka dirishani.

"Nitamfuata, Baba. Wameivaa kwa vifua. Kanzu zina vifungo."

Ikabidi gari lirudishwe uani, na Anwari hakuweza kuliacha njiani na watu wale. Alilisindikiza mpaka kivulini, akalifuta alama za vidole, akakagua buti, akaona mkwaruzo mmoja wa kifungo, mfupi, akausikitikia. Alipofika nyumbani kwake kulikuwa bado mchana. Mlango ulikuwa wazi, na ndani ya nyumba mlitoka harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa mawese, harufu aliyoikosa tangu aachwe. Moyo wake ulitulia.

Mashine ilikuwa nje, chini, kando ya kizingiti, na shuka lake limekunjwa vizuri pembeni.

Anwari alisimama kati ya mlango na mashine. Kisha akainama, akaiinua, akaigeuza juu, akaangalia kama sponji imeingia mchanga. Ilikuwa imeingia kidogo. Akaipuliza. Akachomoa punje moja kwa ukucha, na nyingine. Alipoinua uso, mlango ulikuwa umefungwa, na komeo lilisikika likiteremka kwa ndani.

"Mama Fahima," aliita.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Wewe na nani?"

Anwari aliificha mashine nyuma ya mgongo, kana kwamba ubao wa mlango ulikuwa na macho.

"Peke yangu," alisema.

Ndani, mwiko uliendelea kugonga sufuria.